Hadithi ya Kuazima

Kabla hajajiita Kocha, alikuwa mkufunzi wa kampuni ya bima, na kazi yake ilikuwa kuwachosha watu wazima kwa michezo ya watoto. Aliwakusanya kwenye kumbi za hoteli, akawagawa makundi kwa rangi za karatasi, akawaamuru wajenge minara kwa mirija ya kunywea soda. Kundi lililojenga mnara mrefu lilipigiwa makofi. Kundi ambalo mnara wake uliporomoka liliambiwa kwamba kuporomoka nako ni somo, likapigiwa makofi vilevile. Kila baada ya muda alipaza sauti, "Tuko pamoja?" na ukumbi mzima ukamjibu, "Tuko pamoja!" wakiwamo waliokuwa wamelala macho wazi.

Alikuwa na vichekesho vyake, vichache, vilivyokwisha kupigwa pasi. Cha meneja aliyenasa kwenye lifti alikitoa asubuhi, kabla ya chai. Cha mwanamume aliyemsahau mkewe sokoni alikitunza kwa baada ya chakula, watu wanapoanza kusinzia. Vilikuwa vilevile ukumbi hadi ukumbi, mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewahi kulalamika, maana watu wa ukumbi huu hawakukutana na watu wa ukumbi ule. Yeye aliuita ule ustadi.

Kisha kampuni ikamwagiza aandae semina ya kuwafundisha wafanyakazi kuyapokea mabadiliko. Aliiandaa kwa moyo mmoja. Aliwaambia wafumbe macho, wavute pumzi, waliwazie badiliko kuwa ni mgeni anayebisha hodi, kisha wamfungulie kwa furaha. Wakafumba macho, wakamfungulia. Haukupita muda mrefu, mgeni akaja kweli. Aliingia moja kwa moja kwenye idara ya mafunzo, akaifunga, na mkufunzi akajikuta nje ya geti amekumbatia sanduku la kalamu za rangi. Aliowafundisha wote walibaki kazini. Mlinzi wa getini, ambaye naye alishiriki semina ile, alimpa pole na kumwambia avute pumzi.

Alikaa nyumbani hadi nyumba ikamchoka. Alipanga viatu kwa rangi, akaipangua kabati ya vyombo, akaanza kumuuliza mkewe kila jioni malengo yake ya kesho ni yapi. Mkewe alikuwa mkuu wa maabara ya hospitali kubwa, mwanamke wa maneno machache aliyenawa mikono mpaka kwenye viwiko hata akiwa anamenya vitunguu tu. Walikuwa na watoto pacha waliosoma shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani yeye alikuwa Mama Pacha, na mumewe Baba Pacha.

Siku moja wakiwa mezani, Baba Pacha akatangaza kwamba ameuona wito wake.

"Kule kwenye kampuni nilikuwa nawafundisha watu wote kitu kimoja," alisema. "Ndiyo maana hawakubadilika. Sasa nitamwongoza mtaalamu mmoja mmoja. Wahandisi, wahasibu, wafamasia, watu waliosoma lakini kazini wamekwama. Sitawafundisha kitu. Nitawauliza maswali mpaka wajijibu wenyewe."

"Na watakulipa kwa kujijibu?" mkewe aliuliza.

"Watu wanalipa, Mama Pacha. Siku hizi kila mkubwa ana kocha wake."

Mkewe alifuta mikono taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nisikilize," alisema. "Kaka yangu anatafuta mtu wa kuuza kwenye duka lake la fanicha, mtu mwenye mdomo. Amekutaja wewe. Mimi nimemwambia asubiri. Nitaendelea kuishika nyumba mpaka watoto wafunge shule. Wakija likizo, nionyeshe mtu mmoja, mmoja tu, ambaye kazi yake imebadilika kwa sababu yako. Nikimwona, sitasema neno tena mpaka naingia kaburini. Nisipomwona, unakwenda kuuza vitanda."

"Mmoja tu?" mumewe alicheka, meno yote nje.

"Mmoja tu."

Ukweli ni kwamba mwanamke huyu alimwamini mumewe kuliko alivyotaka ajue, na sababu alikuwa nayo. Kabla hawajaoana, jioni moja wamekaa kwenye ngazi za nyumba aliyokuwa amepanga, alimsimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mama yake mzazi. Alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kwenye maabara ya zahanati moja. Chupa mbili za damu zilimwagikiwa maji, lebo zake za kijani zikalowa, maandishi yakafutika, naye badala ya kuomba damu nyingine akaziandika upya kwa kukumbuka tu. Akazipa majina kinyume. Mama mmoja akaambiwa mwanawe hana neno, akaondoka anamshukuru Mungu, kumbe mwanawe ndiye mgonjwa. Kesho yake binti akaligundua kosa lake. Hakumwambia mkuu wake, aliogopa kufukuzwa. Alichukua majibu ya kweli, akaenda kwa miguu huku akiulizia njia, mpaka akaufikia mlango wa yule mama. Mama akafungua, akayasoma, akamtazama, akafunga mlango.  Binti aliporudi siku nyingine alikuta wamehama, na tangu hapo hajui mtoto yule alipona au hakupona.

Baba Pacha wa wakati ule alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfariji, hakumshauri, hakumwambia kwamba kila mtu hukosea. Alikaa naye pale kwenye ngazi mpaka alipomaliza kulia, basi. Ndipo mwanamke akakata shauri kwamba huyu ndiye. Wachumba wengine walikuwa na magari, huyu alikuwa na masikio.

Ofisi aliipata ghorofani, juu ya duka la viatu. Akaweka viti viwili vinavyotazamana, maua ya plastiki, na boksi la tishu kwa ajili ya wateja watakaolia. Ukutani akabandika picha ya mtu aliyesimama juu ya mlima amenyoosha mikono, na mlangoni akapigilia kibao: KOCHA WA WATAALAMU. Mafunzo yake aliyapata kwenye mtandao, pamoja na cheti chenye muhuri wa dhahabu aliouchapisha mwenyewe, na katika mafunzo hayo zilikuwamo kanuni mbili alizozing'ang'ania kwa meno. Ya kwanza, kocha hashauri, huuliza. Ya pili, kocha hashughuliki na kazi, hushughulika na mtu. Hii ya pili aliipenda hata akaiongezea makali yake mwenyewe: mteja hakuruhusiwa kumtajia anaomba kazi gani wala wapi. "Usiniambie unakokwenda," alikuwa akisema, kiganja juu. "Niambie wewe ni nani." Dalali wa vyumba huanza kwa kukuuliza unataka kuhamia wapi, lakini dalali hana cheti.

Wateja walikuja kwa kudondoka. Wa kwanza alikuwa mhandisi mstaafu. Aliulizwa maswali, akajijibu kwa kirefu, akaeleza madaraja yote aliyowahi kuyajenga na wakubwa wote waliomwonea, akaaga akiwa ameridhika sana. Kazi hakuwa anaitaka, alitaka mtu wa kumsikiliza. Baada yake akaja mhasibu mmoja mwenye haraka. Kocha akamuuliza, "Kama woga wako ungekuwa na sauti, ungekuambia nini?" Mhasibu akafikiri, akasema ungemwambia aondoke. Akaondoka.

Likizo ilikuwa inakaribia, na shemeji wa dukani alianza kupiga simu kila mara. "Kocha," alisema huku akijicheka mwenyewe, "makochi yanakungoja huku."

Ndipo akaja Bibi Sahihi. Jina hilo Kocha alimpa kimoyomoyo, kwa sababu mwanamke huyu hakuwa na jibu linaloyumba. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati ndogo, amesoma vizuri, amefanya kazi vizuri, na kwenye usaili wote aliowahi kwenda walimkataa. Kuna nafasi nyingine imetangazwa, alisema, hospitali ya...

Kocha akainua kiganja. "Usiniambie unakokwenda."

"Sawa," Bibi Sahihi alisema. "Lakini ni nafasi nzuri."

"Hapa hatushughuliki na nafasi. Tuanze na swali wanalolipenda watu wa jopo. Watakuuliza kosa ulilowahi kufanya kazini. Niambie kosa lako."

"Sina."

"Kila mtu analo."

"Mimi sina. Huwa napima mara mbili."

"Hata dogo?"

Bibi Sahihi alifikiri sana, paji la uso limekunjamana. "Niliwahi kuchelewa," alisema. "Lakini siku hiyo kulikuwa na mvua kubwa."

Kocha alihisi jasho la kwapani. Huyu alikuwa ndiye yule mtu wake mmoja. Elimu anayo, bidii anayo, alichopungukiwa ni kosa. Kanuni ya kwanza ilimkataza kumpa jibu, kwa hiyo akamuuliza maswali, akayageuza, akayarudia, akamuuliza kosa lake lingekuwa na rangi gani, mpaka wote wawili wakachoka. Mwishowe akauvua ule uso wa cheti, akavuta kiti mbele.

"Basi nitakuazima," alisema.

"Utaniazima nini?"

"Kosa."

Hakujiuliza mara mbili. Huyu ni mtu wa maabara, na hadithi ya maabara aliyokuwa nayo Kocha ilikuwa moja. Akaitoa: chupa mbili za damu, maji, lebo zilizolowa, mama anayeondoka anamshukuru Mungu. Aliisimulia vizuri, maana kusimulia alikujua, na Bibi Sahihi akatoa macho. Ila simulizi ilipofika mlangoni akasita. Mwisho ule haukuwa na faida kwa mtu. Jopo gani litamwajiri mtu aliyefungiwa mlango usoni? Kwa hiyo pale pale, bila kuona haya, akamfanya yule mama asome majibu, aangue kilio na kusema, "Umeniokolea mwanangu," kisha amkumbatie aliyemletea. Mtoto naye akatibiwa, akapona, na siku hizi ni mkubwa.

"Ukifika mlangoni unanyamaza," Kocha alielekeza. "Unameza mate. Halafu ndiyo unasema: mama akanikumbatia."

"Nimeze mate kweli?"

"Kidogo."

"Na lebo ziliandikwa kwa wino gani?" Bibi Sahihi aliuliza. "Wino wa maabara haufutiki kwa maji hivihivi. Na zilikuwa lebo za aina gani?"

"Watu wa jopo hawaulizi mambo ya wino, mama. Wanataka moyo."

Wakafanya mazoezi siku nyingi. Bibi Sahihi alimeza mate mapema mno, akameza kwa kuchelewa, siku moja yakampalia ikabidi apigwe mgongoni. Kila aliporudia, Kocha alirudia pamoja naye kwa midomo tu, mpaka hadithi ikamkaa kichwani kwa namna ile mpya. Alikuwa akimwona yule mama, mikono wazi, machozi mashavuni. Alikuwa akimwona na mtoto.

Mteja mwingine, ambaye Kocha alimpa jina la Miwani, aliingia baada ya kununua viatu kule chini. Alikuwa kijana mrefu wa maabara nyingine, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja, na shida yake ilikuwa kinyume cha ile ya Bibi Sahihi. Alipoulizwa kosa lake kazini, alianza kuyahesabu kwa vidole, na kidole cha tatu tu Kocha akamwomba anyamaze, kwa kuwa mambo yale hayakutaka kocha, yalitaka wakili. Huyu naye alihitaji kosa la heshima, kosa safi, lenye mafunzo ndani yake.

Mtu mwingine angetunga hadithi mpya. Kocha hakuona sababu. Ile ilikuwa imekwisha kunyooka, imemezewa mate mahali pake, na maisha yake yote aliishi kwa kujua kwamba ukumbi huu na ukumbi ule hazikutani. Akampa Miwani ileile, neno kwa neno. Akamwambia na yeye asimtajie anakokwenda.

Juma hilohilo, wakiwa wanakula, Mama Pacha alisema, "Jumatano nitachelewa. Tunaajiri msaidizi wangu, na mimi nimo kwenye jopo."

"Mm," Kocha alisema. Macho yalikuwa kwenye simu, alikuwa akitunga tangazo. "Hebu sikia hii. 'Usitafute kazi, jitafute.' Unaionaje?"

"Nimesema nimo kwenye jopo."

"Nimekusikia, jopo. Mwishoni niweke nukta au alama ya mshangao?"

Mkewe alimtazama kidogo, akakusanya sahani. Mtu anayeishi kwa kuuliza maswali hakumuuliza hata moja kuhusu jopo hilo, na yeye hakuwa mtu wa kusema jambo mara tatu.

Jumatano mchana, jua likiwa bado juu, Kocha alisikia hatua za mbio kwenye ngazi. Bibi Sahihi aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kucheza ngoma.

"Amelia, Kocha!"

"Nani amelia?"

"Mama mmoja wa jopo, aliyekaa katikati. Nilipofika mlangoni nikanyamaza, nikameza mate. Nikasema mama akanikumbatia. Machozi yakamtoka! Mwenyekiti akampa maji."

Kocha aliruka kutoka kitini. Alimpa Bibi Sahihi mkono, akampa na tishu ambazo hakuzihitaji, akazunguka viti vyake viwili akijipiga kifua. Hakungoja hata matokeo. Alichukua simu, akampigia shemeji yake na kumwambia atafute mtu mwingine wa kuuza makochi, kwa sababu hapa kuna mtaalamu ambaye kazi yake inabadilika leo hii. Shemeji alisema hongera kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kicheko. Kocha alikata simu, akawa anapanga namna atakavyomtaja Bibi Sahihi nyumbani: kwa ufupi, kama jambo la kawaida, huku akipakua wali.

Miwani alipanda ngazi polepole. Alisimama mlangoni, miwani mkononi, akamtazama Kocha kama mtu anayemtazama fundi aliyemharibia suti.

"Kocha, umeniuza," alisema.

"Kwani imekuwaje? Ulimeza mate?"

"Nimemeza sana. Nilianza vizuri, damu, maji, lebo zikalowa. Wa jopo wakaanza kutazamana. Mama aliyekaa katikati akaweka kalamu chini, akaniuliza lebo zilikuwa za rangi gani. Nikasema nyeupe. Akasema, za kijani."

"Alisema hivyo?"

"Za kijani. Nikajua labda zamani zilikuwa hivyo, yeye ni mkubwa, nikaendelea. Nikafika mlangoni. Nikanyamaza kama ulivyonifundisha. Kabla sijasema, akamalizia yeye mwenyewe. Akasema, 'Akafunga mlango.' Nikamwambia hapana mama, alinikumbatia. Akasema, 'Hakumkumbatia mtu.' Halafu akainuka, akatoka nje."

Bibi Sahihi alikuwa amesimama tayari.

"Hadithi ya lebo ni yangu," alimwambia Miwani. "Mimi ndiye niliyeazimwa kwanza."

"Uliazimwa?" Miwani alimgeukia. "Kumbe ndiyo maana wakatazamana!"

Waliendelea kugombania lile kosa, huyu akisema ni lake, huyu akisema na yeye amelilipia, lakini Kocha hakuwasikia tena. Swali ambalo hakuwahi kuliuliza tangu apigilie kile kibao lilimtoka lenyewe.

"Mlikwenda wapi?"

Wakamtajia hospitali, wote wawili kwa pamoja. Kocha akaketi. Hakuwa na haja ya kuuliza mama aliyekaa katikati yukoje.

Aliteremka ngazi akaiacha ofisi wazi na wateja ndani yake. Njiani alijaribu kujitungia maneno. Alianza na lile la kwamba hakutaja jina la mtu. Akajaribu lile la kwamba hadithi ikimsaidia mwingine si hasara. Akajaribu kukasirika, kwamba mkewe hakumwambia ni jopo la nini. Hilo lilimfikisha mpaka kwenye kona ya nyumba yao, na pale kwenye kona akakumbuka sahani zikikusanywa. Aliona aibu, aibu ya kweli, isiyo na somo ndani yake.

Mama Pacha alikuwa amerudi kabla yake, kitu ambacho hakikuwa kawaida. Alikuwa amekaa sebuleni, koti lake jeupe la maabara limekunjwa juu ya magoti.

"Kaa," alisema.

Akakaa.

"Yule wa kwanza alipoanza, sikushtuka," mkewe alisema. "Nilisema makosa ya maabara yanafanana. Lakini alipofika mlangoni nikalia. Unajua kwa nini nililia, Baba Pacha? Niliona kumbe tuko wawili. Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu, na sasa huyu hapa, binti wa watu, amelibeba jambo lilelile, na yeye alikumbatiwa. Nilimwonea wivu. Nikampa alama zote."

"Mke wangu..."

"Ngoja. Akaingia wa pili."

Akamsimulia kwa sauti ileile ya chini. Mwenyekiti alimfuata kule nje akamuuliza wamepanga nini na waombaji, maana haiwezekani watu wawili waje na hadithi moja, na yeye aijue hadi rangi. Watu wa jopo walidhani amewavujishia majibu. Angenyamaza, wangeandika kwamba ni mdanganyifu.

"Kwa hiyo nikasema," Mama Pacha alisema. "Nikawaambia kosa ni langu, la ujana wangu, na sikuliripoti. Na aliyewapa hawa ni mume wangu. Wamenisimamisha kazi. Wanataka kuchunguza, kwanza kama nilivujisha, pili nimeficha mangapi mengine. Mwenyekiti aliniomba msamaha wakati ananiambia. Amejifunza kwangu kazi, yule."

Kocha alimeza mate. Hakuwa anaigiza.

"Sikumtajia mtu jina lako," alisema.

"Najua."

"Na nilibadilisha vitu."

"Ulibadilisha mwisho tu."

Nje kwa jirani mtu alikuwa akipiga msumari ukutani, anapiga, anangoja, anapiga tena. Mama Pacha alilikunjua koti, akalikunja upya.

"Watoto wanafunga shule Ijumaa," alisema. "Nilikuomba mtu mmoja ambaye kazi yake imebadilika kwa sababu yako. Umempata. Nilisema sitasema neno tena, na sitasema."

Kocha alifungua kinywa, na kwa mazoea tu, kabla hajakiwahi, kikasema, "Na unajisikiaje kuhusu..." Akakifunga. Akapiga magoti mbele ya kiti cha mkewe, akamshika mikono, ile mikono iliyokaushwa na sabuni, akamwomba msamaha kwa maneno ya kawaida kabisa, ya mtu asiye na cheti. Alisema amekosa. Alisema kesho atakwenda hospitali kuwaeleza mwenyewe, atafunga ile ofisi, atauza vitanda, atauza chochote. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anayasema kwa dhati.

 Uso wa mkewe ulilegea kidogo, kama ule wa jioni ya kwenye ngazi.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Mtoto yule alipona?"

"Alipona," Kocha alijibu papo hapo, kwa upole, kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Hata tabasamu lilimjia, kwa sababu alikuwa akimwona huyo mtoto, yuko uani, anakimbiza mpira.

Mama Pacha aliendelea kumtazama mpaka lile tabasamu likamwisha usoni. Kisha akaitoa mikono yake katika mikono ya mumewe, akainuka, akachukua koti jeupe na kwenda kulifua, ingawa kesho hakuwa na mahali pa kulivaa.